Sahani Niliyoimaliza Mbele ya Mkaguzi

Barua ilinikuta Shinyanga, katika nyumba ya kupanga ambayo nilikuwa nimeanza kuichoka, kama ninavyozichoka nyumba zote nikishazizoea harufu zake. Ilitoka Ifakara, kwa mwanamke nisiyemfahamu. Aliandika kwamba yeye ni mke wa Longino, kwamba Longino amefariki kwa homa, kwamba misa ya arobaini itakuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na kwamba nifike bila kukosa. Chini kabisa, baada ya salamu, aliongeza mstari mmoja: "Marehemu ameacha neno lako." Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, halafu nikatoka nje nikatema mate, kwa sababu kinywa kilikuwa kimejaa ladha ambayo nimeikimbia tangu nilipokuwa kijana wa darasa la nane.

Mimi si mtu wa kukaa. Nimekuwa karani kwenye mashamba ya mkonge, nimetunza stoo Mwanza, nimeuza vitabu vya shule kwa baiskeli, na kila mahali nimeondoka kabla watu hawajanizoea. Nimekula ugali wa mtama Dodoma, ndizi Bukoba, viazi Njombe, makopa Mtwara. Waliowahi kukaa nami wanajua kwamba sili wali, nami huwaambia kwamba unanisumbua tumbo. Ni uongo. Mtu aliyelelewa bonde la Kilombero akisema wali unamsumbua tumbo, ni kama kambale kusema maji yanampa mafua. Tumbo langu ni zima. Ninachokichukia kiko juu zaidi ya tumbo, nacho si wali.

Nilishuka kwenye treni Ifakara siku moja kabla ya arobaini, na kitu cha kwanza kilichonipokea ni moshi wa pumba za mpunga zinazochomwa nyuma ya mashine za kukoboa. Wengine wakisikia moshi ule wanasema wamefika nyumbani. Mimi nilifunga pua kwa leso. Badala ya kwenda msibani moja kwa moja, miguu ilinipeleka kwenye shule yetu ya zamani. Bwalo tulilokuwa tukilia chakula bado limesimama. Sasa wanahifadhia humo madawati yaliyovunjika. Ukutani, usawa wa kiuno cha mtu mzima, mstari wa maji ya mafuriko ya mwaka wangu wa darasa la nane bado unaonekana, wa rangi ya kahawia, kama mstari unaobaki ndani ya kikombe cha chai kisichooshwa. Wamepaka chokaa mara nyingi tangu wakati ule, lakini mstari unarudi. Niliuwekea mkono. Nilitaka kuhuzunika, maana ndivyo watu wa rika langu wanavyofanya wanaporudi shuleni kwao. Nilichoona ni kinyaa tu.

Ilikuwa shule ya kati, ya bweni, ya misheni, darasa la tano mpaka la nane. Katika miaka ile ya hamsini, kijana aliyefika darasa la nane alikuwa na mlango mmoja mbele yake, nao ulikuwa mwembamba: mtihani, kisha karatasi ya mwenendo inayoandikwa na mwalimu mkuu. Bila karatasi ile hata mwenye akili kama wembe hakwenda sekondari. Tulilima mpunga wetu wenyewe kwenye shamba la shule, tukauvuna, tukauweka ghalani, na kila Jumamosi tukautwanga kwa zamu, wavulana wakubwa wanne kwenye kinu kimoja, huku wanawake wanaopita njiani wakitucheka: "Haya mabibi harusi, twangeni, waume wamerudi!" Mimi nilikuwa kiranja wa jiko. Nilipewa chumba kidogo kati ya jiko na chumba ambacho walimu walilia chakula chao, chenye ukuta wa matete upande mmoja, na kitanda ambacho mguu wake wa nne ulikuwa tofali. Nilikipenda chumba kile. Nilijiona mtu mzima.

Kazi yangu kubwa ilikuwa kuonja. Sijaona desturi ile mahali pengine katika kutangatanga kwangu kote. Kabla ya kula, wanafunzi wote walisimama nyuma ya sahani zao za bati, mwalimu wa zamu akakaa kwenye meza ya mbele, na kiranja wa jiko akachota kwenye sufuria kwa mwiko, akala, akameza, kisha akasema kwa sauti: "Chakula kimeiva. Ni kizuri. Tule." Hapo ndipo watu walipokaa. Walituambia kwamba zamani ilianzishwa kwa nia njema, ili mpishi asilete kitu kibichi na ili mmoja wetu awe na neno juu ya chakula chetu. Mpaka mwaka ule hakuna kiranja aliyewahi kusema kitu kingine. Neno lilikuwa limekuwa kama "Amina", linatoka kabla ulimi haujapoa.

Mwaka huohuo, kwa agizo lililotoka juu, tuliletewa Baraza la Wanafunzi. Mwalimu Otmari, mwalimu mkuu wetu, mtu wa milima ya Mahenge mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka ikakata, alitutangazia kwamba kila Jumamosi mchana tutakaa bwaloni, tuseme yanayotusumbua, na katibu ataandika kwenye daftari. "Shule ni yenu," alisema. "Mimi ni mlinzi tu." Tulipiga makofi. Na kwa miezi miwili, nikiri, mambo yalikwenda. Longino alisimama akasema choo kiko upande wa juu wa kisima, na kila mvua ikinyesha tunakunywa tulichokiacha jana. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, lakini choo kilihamishwa, sisi wenyewe tukichimba, na matumbo yakatulia. Longino alikuwa hivyo. Mtoto wa wavuvi, Mndamba wa mtoni, mrefu, mwenye magoti yaliyojaa makovu, asiyejua kuzunguka na neno. Sisi wa pembeni mwa milima tulimtania kwamba anasinzia jicho moja wazi kama mamba. Yeye alitujibu kwamba watu wa milimani huogopa hata maji ya kunawa. Tulilala vitanda viwili jirani mpaka nilipopewa chumba cha jikoni, na hata baada ya hapo alikuja kukaa kwenye kile kitanda cha tofali, akila ukoko niliomfichia.

Kisha ikaja Jumamosi ya kichanja. Masika yalikuwa katikati, lakini kwetu bondeni mvua ilikuwa imekatika kwa siku tano, na jua liliwaka mpaka mabati ya paa yakalia. Longino alisimama barazani. "Mwalimu, tunaomba magunia ya mpunga yapandishwe kwenye kichanja. Leo au kesho. Maji yanakuja."

Mwalimu Otmari alitazama dirishani. "Jua lile unaliona?"

"Naliona, Mwalimu."

"Wingu unaliona?"

"Silioni, Mwalimu."

"Sasa maji yatatoka wapi? Kwenye kaptula yako?"

Bwalo lote liliangua kicheko, nami nikiwamo. Longino alingoja tumalize. "Yatatoka kwenu, Mwalimu. Huko juu mvua imenyesha wiki nzima, usiku unaona umeme. Maji ya mto huu hayaji na mvua ya hapa. Na kambale wameshaanza kuingia kwenye majani."

"Kwa hiyo shule hii sasa inaongozwa na kambale," alisema Mwalimu Otmari, na tukacheka tena. Akamgeukia katibu. "Andika: wanafunzi wameomba magunia yapandishwe. Wameshauriwa wasome jiografia."

Kila mtoto wa mtoni anajua kwamba Kilombero hufurika jua likiwa linawaka. Mtu wa milimani huhesabu mvua inayopiga paa lake mwenyewe. Lilikuwa kosa la kawaida, nami nisingemchukia mtu kwa kosa kama hilo. Siku ya tatu, mchana, maji yaliingia. Hayakuja kwa kishindo. Yalitokea kwenye majani, kimya, ya rangi ya udongo, yakivuka uwanja wa mpira kama mtu anayekuja kusalimia. Tulikimbilia ghalani, tukabeba magunia vichwani, lakini safu tatu za chini zilikuwa zimeshakunywa. Yalikaa siku nne. Yalipoondoka, magunia ya chini yalikuwa yamevimba na ya moto kwa ndani, na ukitia mkono unatoka na punje zilizoota mikia myeupe.

Tuliuanika ule mpunga juani kwenye majamvi, tukautwanga. Ulitoa mchele wa rangi ya chai, na ulipopikwa ulinuka kama shati bichi lililosahauliwa sandukuni, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine ambayo sitaitaja kwa watu wanaosoma wakila. Ulikuwa unateleza. Ulikuwa na uchungu unaokuja nyuma, baada ya kumeza, ukakaa kooni mpaka jioni. Mpishi wetu, Mzee Salehe, mtu wa Kilwa aliyekuja Ifakara zamani na kukataa kuondoka, alitia makaa ya moto ndani ya sufuria ili yanywe harufu, akafungia mafungu ya mchaichai juu yake. Mpaka leo nikisikia mchaichai natoka chumbani. Siku ya kwanza nilionja nikamtazama. Yeye akatazama moto. "Kiranja," aliniambia, "leo pua yako iache hapa jikoni, uende bwaloni na mdomo tu." Nami nikaenda na mdomo tu. "Chakula kimeiva. Ni kizuri. Tule." Nilijiambia kwamba ni siku moja.

Zilikuwa wiki tano. Darasa la tano, watoto wadogo, ndio walioumia kwanza. Walikonda, wakawa wanakimbilia chooni katikati ya somo, na mmoja akapelekwa hospitali kwa machela, macho yakiwa yamerudi ndani. Longino alilisema jambo hilo barazani Jumamosi ya kwanza, na ya pili. Mara ya pili alipewa adhabu ya kung'oa visiki kwa kosa la kurudia agenda iliyokwisha. Mimi nilikaa kimya. Nilijua zaidi kuliko yeye, kwa sababu kila mchana, nikiwa nimelala kwenye kitanda changu cha tofali, nilisikia vijiko vya walimu upande wa pili wa matete. Wao walikula magunia ya juu, yaliyobaki makavu. Harufu ya wali wao mweupe ilipita kwenye matete ikanipitia usoni.

Siku moja mwalimu kijana aliyetufundisha hesabu alisema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, watoto wanaharisha."

"Wanaharisha maembe," alisema Mwalimu Otmari.

"Maembe yalikwisha tangu Januari, Mwalimu."

"Basi wanaharisha mapera. Nisogezee hiyo mboga." Vijiko vililia kidogo. Kisha akasema taratibu, kama anayemfundisha mtoto: "Nikiutupa, wataniuliza umeharibikaje. Nikisema mafuriko, watauliza kama hakuna aliyenionya. Daftari la Baraza liko pale. Wali uliwe. Ukiisha, na habari imekwisha."

Jioni yake nilifungua daftari la Baraza, ambalo lilikaa kwenye kabati la bwaloni. Ukurasa wa Jumamosi ya kichanja haukuwapo. Ulikuwa umechanwa, umeacha meno madogo kwenye uzi. Nilimwambia Longino, na sijui kwa nini nilimwambia, kama nilikuwa nimekwisha kuamua kuwa mwoga. Tulikuwa tumekwenda kuokota kuni, darasa la nane lote. Walikaa chini kunizunguka. Habari ilikuwa imeshafika kwamba mkaguzi wa shule atakuja wiki ile, naye atakula nasi bwaloni.

"Wewe ndiye unayeshika mwiko," Longino aliniambia. "Mimi nikisema, ni mtukutu amelalamika. Wewe ukisema, ni kiranja ameonja. Ile kazi iliwekwa kwa ajili hiyo, Kasiani. Sema kilichomo mdomoni mwako, basi."

"Nitasema," nilijibu.

"Mbele ya mzungu?" aliuliza mwingine. "Huyu? Atajikojolea."

"Naapa nitasema!"

"Acha kiapo," alisema Longino. "Onja, useme."

Nataka nieleweke: nilikuwa na nia. Usiku ule na uliofuata nilirudia maneno kichwani. "Chakula kimeoza. Tusile." Ni maneno machache, hayazidi yale ya kila siku. Asubuhi ya mkaguzi, Mwalimu Otmari aliniita ofisini. Mezani kulikuwa na karatasi za mwenendo za darasa la nane. Hakunitisha. Alinionyesha ya kwangu. Jina langu lilikuwa limeandikwa juu, vizuri, kwa penseli.

"Jioni naandika kwa wino," alisema. "Wewe ni kijana mwenye utulivu, Kasiani. Una shati safi la kuvaa leo?"

"Ninalo, Mwalimu."

"Vizuri. Nenda."

Hayo tu. Nimewasikia watu wakisimulia jinsi walivyovunjwa, kwa viboko, kwa njaa. Mimi nilivunjwa kwa penseli na shati safi.

Bwalo lilipambwa kwa maua ya porini ndani ya makopo. Mkaguzi alikuwa mtu mwembamba mwenye shingo nyekundu, aliyejua Kiswahili cha ofisini, na alionekana amechoka na safari. Jikoni Mzee Salehe aliniambia bila kugeuka, "Nimeuosha mara saba kama maiti. Marehemu bado ananuka." Sufuria ililetwa. Wanafunzi walisimama nyuma ya sahani, na macho ya darasa la nane yote yalikuwa kwangu. Nilichota, nikatia mdomoni. Ulikuwa mbaya kuliko siku zote. Punje moja iliyoota ilininasa kwenye jino. Nilimeza.

"Chakula kimeiva," nilisema. "Ni kizuri. Tule."

Walikaa. Wakapakuliwa. Hakuna aliyegusa. Kisha Longino akainuka na sahani yake, akatembea katikati ya meza mpaka mbele, akaishikilia chini ya pua ya mkaguzi.

"Shikamoo, Bwana. Naomba unuse."

"Rudi ukae!" alisema Mwalimu Otmari.

"Narudi, Mwalimu. Bwana, kiranja wetu ana mafua, hakusikia harufu. Naomba aulizwe tena."

Watu husimulia ushujaa wa Longino kwamba alipeleka sahani kwa mzungu. Mimi nakumbuka mafua. Akiwa amesimama pale, na yeye ndiye aliyekuwa hatarini, bado alinifungulia mlango nitokee kwa heshima. Ningesema, "Ndiyo, Bwana, nina mafua, ngoja nionje tena." Hata mtoto wa darasa la tano angeuona mlango ule.

Mkaguzi alinitazama. "Kiranja, una mafua?"

"Sina, Bwana."

"Chakula hiki ni kizuri?"

"Ni kizuri, Bwana."

Yangeishia hapo, ningekuwa mwongo wa kawaida, na waongo wa kawaida hulala usingizi. Lakini niliona mkaguzi bado anasitasita, mkono wake unaelekea kwenye sahani, nami nikaitwaa. Hakuna aliyeniambia nile. Niliitwaa sahani ya Longino kutoka mikononi mwake, nikala wali wote, nimesimama, tonge baada ya tonge, nikitabasamu. Nilisafisha sahani kwa kidole. Nikalamba kidole. Mkaguzi alicheka, akasema kijana huyu anapenda chakula cha shule, akaandika kitu kwenye kijitabu chake. Mwalimu Otmari naye alicheka. Wale watoto wadogo wa darasa la tano, walioniona nikila kwa furaha, walianza kula.

Nilitapikia nyuma ya jiko mpaka nikaona nyongo. Mzee Salehe aliniletea maji kwenye kibuyu, akanishika paji la uso. "Tapika, mwanangu," alisema. "Lakini hakitatoka chote." Longino alifukuzwa saa ileile, kwa utovu wa nidhamu mbele ya mgeni wa serikali. Alipita jikoni na mkeka wake umekunjwa begani. Nilifikiri atanipiga. Alisimama akanitazama nikifuta mdomo.

"Umekula sahani yangu," alisema. "Sasa mimi nimekula nini?"

Akaenda zake mtoni. Hakufanya mtihani. Wiki mbili baadaye, mkaguzi akiwa mbali, magunia yaliyobaki yalitupwa kimyakimya, tukaanza kula ugali safi wa mahindi, na watoto wakapona. Longino ndiye aliyeyatupa, kwa ile sahani moja, na hakuna aliyetaja jina lake. Mwalimu Otmari alinifanya mwenyekiti wa Baraza la Wanafunzi. Mpaka mwisho wa mwaka kila Jumamosi nilisimama na kusema, "Mwalimu, hatuna la kusema," na katibu aliandika. Jina langu liliandikwa kwa wino. Nilikwenda sekondari, nikasoma, nikapata Kiingereza kidogo na kalamu ya mfukoni, kisha nikaanza kuhama.

Nyumba ya Longino iko nje ya mji, upande wa mto, imeinuliwa juu ya nguzo fupi, na ghala lake liko juu ya kichanja kirefu kuliko nilivyowahi kuona. Baada ya misa watu walikaa uwanjani kwenye mikeka. Padre alisema yake, mwenyekiti wa kijiji akasema yake, marefu. Kisha akasimamishwa msichana wa shule ya msingi ya pale, kiranja, sare yake imefifia kwa kufuliwa. Alisema kwamba Mzee Longino alikuwa kwenye kamati ya shule yao. Alikuja kila Ijumaa, akasimama mbele ya madarasa, akauliza swali moja tu: "Leo kibaya ni kipi?"

"Hakutuuliza kizuri," alisema yule msichana. "Ukisema kizuri, alisema hicho kitajitunza chenyewe. Tulisema choo kimejaa, akaja na jembe. Tulisema mwalimu fulani anatutuma shambani kwake saa za somo, akaenda kwa mwalimu huyo, tukaogopa, lakini kutumwa kulikwisha. Mimi nilikuwa sisemi. Aliningoja mihula miwili."

Watu walicheka kidogo, kicheko cha msibani. Mimi nilitazama chini. Nilijiuliza mimi nimekuwa na mihula mingapi.

Chakula kilipoletwa, mwanamke mnene wa makamo, mwenye kitambaa cheusi kichwani, alikuja moja kwa moja kwangu na sahani ya bati. "Karibu, shemeji. Wewe ndiye Kasiani." Hakuuliza. "Marehemu alisema, ukija upewe wali, na watu wasile mpaka wewe uonje useme. Basi. Nilimuuliza maana yake akasema wewe unaijua. Mpunga huu aliuvuna mwenyewe kabla ya kuugua."

Watu mia na zaidi walikuwa wamekaa mbele ya sahani zao wakinitazama. Mzee mmoja aliguna, "Mgeni, fanya haraka, njaa haina arobaini." Nilisimama. Miguu ilijipanga yenyewe, visigino pamoja, kama bwaloni. Nilichota kwa vidole, nikatia mdomoni. Ulikuwa wali mpya wa bondeni, punje moja moja, unaonukia wenyewe bila kusaidiwa na jani lolote.

"Chakula hiki ni kizuri," nilisema, na mikono ikaanza kwenda kwenye sahani. "Ngojeni. Mwaka tulipokuwa darasa la nane nilikuwa kiranja wa jiko. Tulipikiwa wali uliooza. Niliujua, niliuonja kwa ulimi huu. Nilisema ni mzuri mbele ya mkaguzi. Longino alisema kweli, mimi nikachukua sahani yake nikaimaliza ili aonekane mwongo, akafukuzwa shule. Ule ulikuwa umeoza. Ndilo neno langu."

Yule msichana kiranja aliinua mkono. Aliuliza kama wanavyouliza darasani, bila ukali:

"Sasa mbona hukusema?"

"Jina langu lilikuwa limeandikwa kwa penseli," nilimjibu. Alinitazama kama mtu anayetazama kitu alichokikuta kwenye sahani yake, kisha akarudi kwenye chakula chake.

"Kaa ule, shemeji," alisema mjane. "Kinapoa."

Nilikaa. Baada ya miaka yote ile nilikula wali, tonge baada ya tonge, mpaka bati likaonekana. Ulikuwa mtamu. Hilo nalo lilinichukiza.